Kurasa Tisini na Nne za Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza na barua. Barua! Mlango wa Mkuu wa Idara unatazamana na wangu. Nikikohoa anasikia. Angefungua mdomo tu, yakaisha. Hapana, ameandika, amegonga muhuri, amemtuma tarishi avuke ukumbi wa hatua nne. Nimetia sahihi kwamba nimepokea.

Yaliyomo ni balaa. Kila mhadhiri wa mkataba awasilishe makala moja ya kitaaluma, iliyoandikwa, isiyopungua kurasa thelathini, kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa tarehe 14. Asiyewasilisha, mkataba wake hautaongezwa, na nyumba ya chuo ataikabidhi mwisho wa mwezi pamoja na funguo na vitasa vyote. Vitasa amevitaja mara mbili.

Nina miaka kumi na minne hapa na sijaandika makala hata moja. Si uvivu. Ni msimamo. Nafundisha isimu, kozi ya Muundo wa Lugha, na kila mwaka wiki ya kwanza nawaambia wanafunzi jambo lile lile: lugha ni sauti. Lugha ni mfumo unaoishi vinywani mwa watu. Maandishi ni shati lililoanikwa kwenye kamba. Ukiliona unajua kuna mtu mahali, lakini shati si mtu. Wanafunzi wananiita Mwalimu Sauti. Leo Mwalimu Sauti aambiwe aandike! Ni kumlisha mtu picha ya chakula.

Ofisi nagawana na Bwana Kalamu, yeye upande wa pili wa kabati. Anafundisha kinyume changu: kwamba maandishi si kivuli cha usemi, ni mfumo wenye kanuni zake, na hufanya mengi ambayo mdomo hauyawezi. Makala yake ameshamaliza. Kurasa thelathini na mbili. Asubuhi alikuwa akizinyoosha kwa kuzigonga mezani, ngo, ngo, makusudi nisikie.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Yeye ni fundi wa nguo. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na wateja wanaujua mlango ule tangu watoto wetu wakienda shule ya msingi. Watoto sasa wana kwao. Tumebaki sisi wawili na cherehani. Ameisimamisha, akauliza kama tutatolewa kwenye nyumba. Nimesema thubutu! Akasema basi kuna jambo anataka tuzungumze. Nimemwambia baadaye, kichwani kuna makala.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mezani saa tatu nzima. Mavuno: kichwa cha makala, jina langu, na sentensi moja. Sentensi nimeifuta. Jina nimelibakiza.

Ugonjwa wangu naujua. Nikisema, maneno yanakuja yenyewe, yanasukumana mlangoni. Nikishika kalamu yanajificha kama watoto walioitwa kuoga. Darasani nikisimama dakika hamsini hakuna anayesinzia. (Mmoja alisinzia. Alikuwa mgonjwa.)

Halafu, nikiwa bafuni, wazo! Nimetoka na povu masikioni. Makala nitaisema! Nitaisema mwanzo mpaka mwisho, simu iinase, kisha dada wa chumba cha chapa aipige. Usemi kwanza, maandishi yafuate nyuma kwa adabu. Si ndivyo nadharia inavyotaka? Itakuwa makala ya kwanza ya isimu inayotenda inachohubiri.

Nimekwenda chumba cha chapa karibu kukimbia. Dada wa chapa ni mtu makini hadi inakera. Hana utani, na ana rula anayoiweka chini ya kila mstari asije akaruka neno. Ameuliza kama anyooshe sentensi, apunguze yanayojirudia, aweke aya. Nimekataa katakata. Asiguse kitu! Ukishaanza kunyoosha umeshaugeuza usemi kuwa maandishi, na Bwana Kalamu ameshinda. Kila kinachosikika kiandikwe kama kilivyotoka. Kila kitu? ameuliza. Kila kitu, nimesema, hata pumzi. Akachukua karatasi, akaliandika agizo hilo, akanisogezea nitie sahihi. Nimecheka, nimetia. Watu wa maandishi hawa, bwana! Hawana imani na mdomo wa mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imeanza. Nanasia sebuleni, maana chumbani kuna mwangwi na uani kuna kuku wa jirani. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, nikawa natembea huku na huku nikisema. Ah, nilikuwa moto! Nimeeleza kwamba neno haliwi neno peke yake, bali kwa kutofautiana na wenzake, kama kifungo cha pili kilivyo cha pili kwa sababu tu kuna cha kwanza na cha tatu. Nilijisikiliza nikajipenda.

Kero ni cherehani. Trrrr, trrrr. Mke wangu ana sare kumi na mbili za wanakwaya, zinatakiwa Jumapili ya wiki ijayo. Nimemwomba ashone kimya kimya. Amesema cherehani haijui kunong'ona. Tena kila nikinyamaza kutafuta neno, yeye anaanza kuzungumza. Si mara moja wala mbili! Nikawa namwinulia mkono bila kugeuka, kama askari wa barabarani. Mtu aliyeshikwa na wazo haguswi. Mwishowe ametulia. Saa mbili na nusu zimo ndani ya simu. Nimemtania kwamba yeye na cherehani yake leo wameingia kwenye taaluma.

Najiuliza kwa nini naandika shajara, mtu wa msimamo wangu. Jibu ninalo. Haya si maandishi. Huu ni usemi uliokosa wa kuusikiliza. Nyumba yenyewe ina watu wawili tu, nitamwambia nani?

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Kalamu kanichokoza. Amechungulia pembeni mwa kabati na kikombe chake, akauliza kwa ule upole wake wa kuudhi makala inakwendaje. Nimesema inasemeka vizuri. Akacheka. Akaniuliza mke wangu vipimo vya wateja anavitunza wapi. Kwenye daftari, nikajibu, bila kuona mtego. Akasema, basi angalia: daftari lile si picha ya usemi wa mtu yeyote. Hakuna mteja aliyewahi kukaa akazisema zile safu za tarakimu, wala hakuna atakayezisema. Ile ni kazi inayofanyika juu ya karatasi na haina kwingine. Kisha akarudi nyuma ya kabati lake kama mtu aliyeshinda kesi.

Kanishinda kwa daftari la fundi. Mimi! Nimekaa saa nzima nikifoka ndani kwa ndani.

Halafu nikapata hila. Nitamjibu kwa ushahidi. Mke wangu anashona mwaka wa ishirini huu. Wanakwaya wale aliwapima kwa mikono yake, vipimo akavitamka kwa mdomo wake. Vimo kichwani. Daftari ni mkongojo, na mtu mwenye miguu mizima ukimnyang'anya mkongojo atatembea tu. Itakuwa sura ya nne: Utafiti wa Nyanjani.

Alipotoka kwenda kununua uzi, nimelichukua. Liko ofisini, droo ya chini, nimelifungia kwa ufunguo. Sikumwambia. Anayetafitiwa akijua, matokeo yanaharibika.

Jumamosi, 8 Machi

Matokeo yameharibika.

Amelitafuta daftari tangu alfajiri. Chini ya meza, ndani ya kapu la vitambaa, nyuma ya kioo. Nami nikajitia hamnazo, nikamsaidia kutafuta, nikainua hata godoro. Saa nne akakata tamaa, akakata vitambaa kwa kukumbuka. Sare tatu. Saa nane wanakwaya wenyewe wakaja kujaribu. Ya kwanza ilimshika mama wa watu mabegani, ikagoma kushuka. Ya pili mikono iliishia kwenye viwiko. Ya tatu ingemtosha vizuri sana mtu ambaye hayumo kwenye kwaya.

Kitambaa chenyewe hakipo tena sokoni, walikimaliza chote. Wanawake wale waliondoka wakipeana macho. Mke wangu akakaa na mkasi mapajani, akitazama vile vipande. Hapo roho iliniuma, sisemi uongo. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, pamoja na nadharia yake, na kwa nini lilikuwa jambo la maana. Nilidhani atanipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekwambia sivikumbuki."

Nimetoka mbio kwenda kulichukua daftari ofisini, jua kali. Mlinzi wa geti hakunifungulia. Leo ni Jumamosi. Nimemsihi kwa mdomo robo saa, kwa ufasaha wangu wote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anahitaji kibali cha maandishi. Nimerudi mikono mitupu. Nimemkuta mke wangu anafumua mishono.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemrudishia daftari. Amelipokea kwa mikono miwili, akalifuta, akaliweka chini ya mto wa kiti chake, akalikalia.

Nimemaliza kunasa. Saa sita na dakika kumi kwa jumla! Kipande cha mwisho nimekisema nikiwa nimejilaza kwenye kochi, maana mgongo umekwisha. Dada wa chapa amevaa visikizio, akasikiliza dakika mbili, akanitazama, akaitazama ile karatasi yenye sahihi yangu, akaanza kupiga. Vidole vile! Unaweza kudhani mvua ya mawe.

Bwana Kalamu ameuliza lini nitaisoma na kuisahihisha kabla ya kuiwasilisha. Akajitolea tukae pamoja tuipitie. Kijicho kitupu! Anataka kuchungulia. Nimemwambia asante, yangu haisahihishwi. Mtu husahihisha alichoandika. Kilichosemwa kimeshasemwa.

Wakati wa chakula mke wangu ameanza tena: lile jambo. Nimemwomba anivumilie hadi Ijumaa, ikishapita nitamsikiliza juma zima akitaka. Amesema Ijumaa itakuwa kuchelewa. Kuchelewa nini, nimesema, kwani Ijumaa ndiyo kiama? Alimaliza kula, akaosha vyombo, akarudi kwenye sare zake.

Jumatano, 12 Machi

Dada wa chapa amenisimamisha kwenye ukumbi, macho mekundu. Amesema kwa sauti ya chini kwamba kuna kipande angependa nikisikilize mwenyewe kabla hajaendelea, kwa sababu anaona ni mambo ya nyumbani kwa mtu. Nimemkumbusha agizo. Akasema, na yale yanayomhusu Mkuu? Nimemwambia Mkuu hasa ndiye ninayetaka ayasome! Akashusha pumzi, akarudi chumbani mwake.

Watu hawawezi kuvumilia jambo jipya. Mchana nimepita dirishani kwake mara tatu kusikiliza zile taipu. Moyo wangu ulikuwa juu juu kwa raha. Nimejiona nimekaa kwenye nyumba yangu, vitasa vyangu mkononi, nimezeeka, nimeheshimika.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa na nusu: nimekabidhiwa. Kurasa tisini na nne! Tisini na nne! Bwana Kalamu na thelathini na mbili zake akajifiche. Imebanwa vizuri, ina jalada la bluu, nzito kama tofali. Nilipoipita meza yake niliidondosha kidogo, kwa bahati mbaya, ili asikie mshindo.

Ameniuliza kama nimeisoma. Nisome ya nini? Si mimi niliyesema? Mwenye mdomo hahitaji kuhadithiwa alichosema. Saa kumi kasoro kumi nimeiweka mezani kwa katibu wa Mkuu, akanipa stakabadhi.

Nimefika nyumbani kama bwana harusi. Nimemwambia mke wangu nyumba ni yetu, ashone mpaka atakapozeeka. Zile sare tatu amezitengeneza upya, ameingiza vitambaa vya rangi nyingine ubavuni, na kusema kweli zimependeza kuliko zile tisa. Nikamwambia Ijumaa imefika, haya, aseme lile jambo. Amesema jibu lilikuwa linatakiwa jana, na ameshalitoa mwenyewe. Nimesema vizuri sana, mambo yakijimaliza ni raha. Nikalala usingizi wa pono.

Jumatatu, 17 Machi

Saa mbili na robo Mkuu wa Idara ameniita. Kwa mdomo! Nikajua ni pongezi. Nikarudi ofisini kufunga tai kwanza.

Makala ilikuwa mbele yake, imejaa vijikaratasi vya njano. Alivaa miwani, akaanza kunisomea. Ukurasa wa kwanza: eee, eee, basi, eee, lugha, lugha ni, ni, kopo hili litaanguka, lugha ni sauti, trrrr. Ukurasa wa nane wote ni trrrr, isipokuwa mstari mmoja ninapokohoa. Ukurasa wa ishirini na tatu namwambia jirani aliyepita dirishani kwamba Mkuu wa Idara alipata cheo kwa kuhesabu viti, isimu haijui, anajua vitasa. Mwenyewe akalisoma hilo kwa sauti ile ile, hakupandisha, hakushusha. Kuanzia ukurasa wa themanini na moja hadi mwisho ni pumzi. Nilipitiwa na usingizi pale kwenye kochi. Dada wa chapa ameandika kila inayoingia na kila inayotoka, na nilipokoroma ameandika nimekoroma.

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikamtupia lawama dada wa chapa. Mkuu akafunua jalada, akanionyesha agizo langu na sahihi yangu, vimebanwa mbele kama dibaji.

Kisha akasema kuna ukurasa mmoja angependa niusikie. Wa arobaini na moja. Huo ameusoma polepole. Ni mke wangu.

"Baba watoto, dada yangu amepata duka lenye vyumba viwili nyuma, anatupa sisi. Anataka jibu Alhamisi ijayo. Na shule ya pale wanatafuta mwalimu. Tungekwenda wote, hata ukikosa huku. Baba watoto? Unanisikia? Au niende peke yangu?"

Chini yake dada wa chapa ameandika: kimya. Chini ya kimya ni mimi, ninaendelea: kwa hiyo ndugu zangu, msikilizaji ndiye nusu ya lugha.

"Ulimjibu?" Mkuu akaniuliza.

Nimemwambia kipande hicho hakihusiani na hoja kuu ya makala. Alinitazama hadi nikaanza kuitazama saa ya ukutani. Halafu, sijui ni huruma au uchovu, akasema ataniombea muhula mmoja kwa bodi. Anataka kurasa mbili tu. Niandike mwenyewe, kwa mkono wangu, nieleze yaliyotokea na ninachokusudia kufanya. Mwisho Jumatano saa sita mchana. Amesema hajali kama zitakuwa na makosa.

Nimetoka nimelowa jasho, lakini tumaini lipo. Nyumbani mke wangu hakutaja duka. Nami sikumwuliza. Jambo likiwa zito mtu hulirudia. Akinyamaza ni dalili njema.

Jumanne, 18 Machi

Kurasa mbili. Mtu yeyote anaweza kurasa mbili. Nimeandika tarehe.

Bwana Kalamu amejitolea kukaa nami. Amesema atauliza maswali, nami nijibu, kisha niyaandike majibu. Nikamwona anavyonionea huruma, nikachukia. Nimemwambia aende akaandike vipimo vya watu.

Mke wangu alikuwa anapanga nyuzi zake kwenye maboksi, rangi kwa rangi. Nimemsifu kwa usafi.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi nimeamka na mpango. Kuandika kumenishinda, nakubali. Ila kwa nini nipigane kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia ninao? Nitakwenda kwa Mkuu nimwambie kwa mdomo. Nitasema hadi machozi yamtoke. Akishalia, karatasi ya nini?

Nimefanya mazoezi nikiizunguka bustani ya chuo mara sita. Saa tano na dakika thelathini na tano nikabisha hodi. Akanyoosha mkono apokee karatasi. Nikaanza kusema. Mungu wangu, sijawahi kusema vile maishani! Nilikiri kila kitu. Nilisema naogopa. Nilisema nikiandika neno linanikodolea macho, naliona ni dogo, la mtu mdogo, na nikilisema linapita kabla mtu hajalipima. Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Lilitoka tu.

Mkuu alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Umesema vizuri sana. Sasa nenda kaandike hayo hayo. Una dakika ishirini."

Nikarudi ofisini. Nikakaa. Bwana Kalamu akaniwekea karatasi nyeupe na kalamu yake mwenyewe, ile ya wino anayoificha hata mkewe asiiguse, akatoka nje na kunifungia mlango. Nilijaribu, kweli nilijaribu. Kengele ya saa sita ilipolia nilikuwa nimeandika: Eee.

Nimemwaga unga. Zimebaki siku kumi na mbili za kurudisha funguo.

Jioni Bwana Kalamu ameniuliza kama anaweza kuzitumia zile kurasa tisini na nne darasani kwake. Amesema hajapata kuona mahali ambapo mpaka wa mdomo na karatasi unaonekana waziwazi hivyo, ni hazina, na atanitaja. Ametaka idhini ya maandishi, nimetia sahihi. Nitafundishwa! Angalau kuna aliyeitambua kazi yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Jana sikumwambia mke wangu. Nilipanga kumwambia leo, nikishayapata maneno. Nimetoka asubuhi kwenda kuyatafuta, nimerudi saa saba nikiwa nayo. Sebule nyeupe.

Cherehani haipo. Kapu la vitambaa halipo, kioo hakipo. Sakafuni yamebaki madoa manne ya miguu ya cherehani, na sindano moja kwenye ufa. Jirani amesema gari la mizigo lilikuja saa tatu. Amesema mke wangu alisimama mlangoni kitambo, kisha akapanda mbele kwa dereva.

Mezani kuna barua. Kurasa mbili, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Sikujua anaweza kuandika kirefu hivyo. Ameziandika siku zote alizojaribu kuniambia, moja moja, na nilichomjibu kila siku. Hajatia chumvi. Hajanitukana popote. Anasema alipokuwa anasema, maneno yalikuwa yanarudi kwake mwenyewe, akaona ayaweke mahali ambapo hayatamrudia. Anasema nafasi ya ualimu bado ipo hadi Jumatatu. Barua ya maombi ya nusu ukurasa inatosha, dada yake ataipeleka. Anasema basi la kwenda huko linaondoka kila siku saa nne. Mwisho anasema, akiona barua yangu ataelewa nakuja, asipoiona pia ataelewa.

Nimeisoma mara mbili. Nimelia, sina wa kumficha. Nimelia nimeegemea ukuta pale ilipokuwa cherehani, nikaita jina lake kwa sauti, na sebule tupu ina mwangwi mbaya.

Halafu akili imenirudi. Nimenawa uso, nimeitandaza barua mezani, nimeitazama kitaaluma. Ni nini hii? Ni wino. Mke wangu hajaniaga. Kinywa chake hakikulitamka neno hilo; lingetamkwa, shahidi wa kwanza ningekuwa mimi. Nimepitia wiki zote hizi kichwani: hajasema. Na kisichosemwa hakimo katika lugha. Basi, kwa hoja ambayo hata Bwana Kalamu hataipangua, mke wangu hajaondoka.

Ile barua ya maombi siandiki. Ya nini kujishusha? Jumatatu nitampigia simu mwalimu mkuu wa shule ile nimweleze mwenyewe, kwa mdomo, kinaganaga. Ikiwezekana nitamnasia saa moja hivi amsikilizishe na mke wangu.

Kwa sasa simwandikii mtu. Nimekaa hapa namngoja aje aseme. Nimechemsha chai ya watu wawili, yake nimeifunika kwa sahani isipoe.